Sura ya Sita: Sauti Ipo, Picha Hakuna

Jirani yangu mmoja hapa Kahororo, mama mtu mzima, alinijia jioni ya Novemba, mvua ikinyesha kama inavyojua kunyesha Bukoba, simu ameifunga kwenye pindo la kitenge isilowe. Mjukuu wake anayeishi Ulaya alikuwa amekuja likizo. Akarekodi kwa iPhone sherehe ya kuhingira ya dada yake, yaani ya kumuaga bibi harusi, na kabla ya kuondoka akamwachia bibi nakala kwenye kadi ya kumbukumbu. Siku ya sherehe mzee wa nyumba, mume wa mama huyu, ndiye aliyetoa nasaha kwa bibi harusi. Miezi mitatu baadaye tukamzika.

"Mwanangu," aliniambia akikaa, "sauti ipo, picha hakuna. Namsikia mzee anavyoongea, hata anavyokohoa. Kioo cheusi tii."

Niliishika ile simu nikasikiliza kidogo. Sauti ya mzee ilikuwa safi.

"Pole waitu," nikamwambia. "Mzee yumo humu humu. Simu yako haina ufunguo wa kumfungulia."

Nimelirudia jibu hilo kwa watu wengi tangu siku hiyo, kwa sababu shida yenyewe inarudi kila wiki. Mtu ana video nzima, haina mkwaruzo, na bado haionekani. Majina tunayoyaona mwishoni mwa mafaili, yaani MP4, MOV, MKV au AVI, ni majina ya vikapu. Ndani ya kikapu kuna mkondo wa picha na mkondo wa sauti, kila mmoja umebanwa kwa kanuni zake, na anayetaka kuufungua lazima awe na programu inayozijua kanuni hizo. Programu hiyo ndiyo kodeki, neno lililoundwa kwa kuunganisha kazi mbili, kusimba na kusimbua. Ukiona kikapu kimeandikwa MP4 hujajua bado kilichomo ndani.

Watanzania tuliwahi kulijifunza somo hili nchi nzima bila kulipa jina. Tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam, televisheni zilizokuwa nzima jana yake zilibaki na chenga. Matangazo yalikuwepo hewani, tena mengi kuliko zamani kwa kuwa yalikuwa yamebanwa vizuri zaidi. Kilichokosekana ni kile kisanduku tulichokiita king'amuzi. Kisanduku kile, kwa sehemu kubwa, ni kodeki iliyowekwa ndani ya plastiki.

Simu ya mama ilikuwa na king'amuzi cha zamani. iPhone tangu toleo la iOS 11 la mwaka 2017 hurekodi kwa kodeki ya H.265 mtu asipochagua vingine. Sababu ni nafasi: kwenye mipangilio ya simu hizo Apple wenyewe wanaandika kwamba dakika moja ya video ya kawaida ya HD hula megabaiti 60 kwa H.265, na 130 kwa H.264. Ni chini ya nusu, na mwenye simu anafurahi. Lakini simu nyingi za bei nafuu zinazouzwa kwenye maduka yetu huijua H.264 tu, iliyokamilishwa mwaka 2003, na H.265 zikiiona zinatoa sauti na kuacha kioo cheusi.

Nilimwambia arudi kesho jioni, picha itakuwa tayari. Nilisema hivyo kwa kujiamini kwa sababu ninayo seva.

Seva yangu ni kompyuta ya mezani iliyokwisha tumika kwa mtu mwingine. Iko juu ya rafu chumbani, mbali na dirisha, ina diski mbili na inaendeshwa na mfumo wa Linux uitwao Ubuntu. Inapokea video za jirani, inazigeuza ziwe za aina ambayo simu zao zinaweza kuzifungua, inazihifadhi, na kuzigawa kwa mtandao wa Wi-Fi usiohitaji bando. Mwanafunzi anakaa barazani kwangu na kuangalia somo la fizikia nililolipakua mara moja tu. Familia inakuja kuangalia harusi. Gharama yangu ni umeme na muda.

Moyo wa seva hiyo ni kifurushi kimoja kinachoitwa ffmpeg. Kwa mazungumzo ya siku hizi kifurushi ni dakika na megabaiti unazonunua kwa kampuni ya simu, kwa hiyo niseme ninachomaanisha: kwenye Linux kifurushi ni programu iliyofungwa pamoja na maelezo yake, ikitaja inahitaji vifurushi gani vingine ili ifanye kazi. Ukiisakinisha ffmpeg, inaburuta nyuma yake makumi ya maktaba. Libavcodec ndiyo yenye kodeki zake yenyewe. Libx264 inasimba H.264, libx265 inasimba H.265, libvpx inashughulikia VP8 na VP9, na libopus ni ya sauti. Kutunza ffmpeg ni kutunza ukoo mzima, na ugomvi wa ndugu wawili ndani ya ukoo huo unaweza kukunyima picha.

Nitasimama kidogo kwenye kubana kwenyewe, kwa kuwa mtunzaji asiyejua kinachobanwa atatumia mipangilio ya mtu mwingine bila kuelewa.

Picha moja ya HD ina nukta 1920 kwa 1080, zaidi ya milioni mbili. Kila nukta ikipewa baiti tatu za rangi, picha moja ni megabaiti 6.2. Kwa picha 30 kila sekunde, saa moja ya kuhingira ingekula zaidi ya gigabaiti 670. Hakuna diski yangu ambayo ingebeba harusi mbili za namna hiyo. H.264 kwa kasi ya megabiti 4 kwa sekunde inaifikisha saa hiyo kwenye gigabaiti 1.8, na watazamaji hawalalamiki.

Inawezaje? Inakataa kurudia. Inahifadhi picha moja kamili, kisha kwa picha zinazofuata inaandika tu kilichobadilika, na kilichosogea inakiandikia kimesogea kutoka wapi kwenda wapi. Mzee akiwa ameketi mbele ya ukuta mweupe anaongea, ukuta unahifadhiwa mara moja. Midomo na mikono ndiyo inayoandikwa upya. Mabaki yanapimwa, na maelezo madogo ambayo jicho halitatambua yakikosekana yanatupwa.

Sasa njoo Kagera. Hapa nyumba imezungukwa na kibanja, na kibanja ni migomba. Sherehe inafanyika chini ya turubai na nyuma ya wageni kuna majani mapana yanayopepea. Kwa kodeki, upepo kwenye migomba ni balaa: kila jani linakwenda upande wake, linachanika nyuzi nyuzi, linawaka kwa jua na kuzima kwa kivuli, na hakuna kipande cha picha kinachoweza kuelezwa kwa kusema "kimesogea hatua tatu kulia". Mvua nayo ni hivyo hivyo, na ziwa likiwa na mawimbi madogo yanayometameta ni hivyo hivyo. Nimeona dakika kumi za ngoma chini ya migomba zikitoa faili kubwa kuliko nusu saa ya mahubiri ndani ya kanisa. Ukiipangia kodeki kasi moja kwa kila kitu, kama miongozo mingi inavyoshauri, itatumia biti kwa ukarimu kwenye ukuta wa kanisa, na ikifika kwenye migomba itakosa za kutosha, majani yatageuka uji wa kijani na vumbi la miraba litapanda mpaka kwenye nyuso za watu.

Ndiyo maana sipangi kasi. Napanga ubora. Kwenye libx264 kuna kipimo kinachoitwa CRF, kuanzia 0 hadi 51, na usipogusa kitu kinakaa 23. Namba ikipanda ubora unashuka. Ukiongeza 6 faili hupungua karibu nusu. Kwa CRF kodeki yenyewe inaamua wapi itumie zaidi na wapi ibane. Nakala za simu ndogo nazifanya kwa 26. Video yenye wazee naifanya kwa 21 bila kuuliza ukubwa, maana nasaha za mzee hazirekodiwi mara mbili.

Jioni ile basi niliiweka video ya mama kwenye seva, dakika arobaini, nikaandika amri niliyoizoea. Ffmpeg ikagoma. Ikaniambia haiioni maktaba ya libx264 namba 155.

Kosa lilikuwa langu, na nataka kulieleza kwa kirefu kwa sababu kila mtunzaji wa seva ndogo hulifanya angalau mara moja. Miaka michache nyuma, seva ikiwa na Ubuntu 20.04, nilitaka kodeki ya sauti ya Fraunhofer ambayo kifurushi cha Ubuntu hakina. Hawakuisahau: leseni yake na ile ya x264 haziruhusu kugawa kwa umma programu iliyozichanganya. Mtu binafsi anaweza kujijengea mwenyewe nyumbani. Nikapakua msimbo, nikajijengea ffmpeg yangu, ikakaa kwenye saraka ya mambo ya nyumbani, ile ya /usr/local. Ikafanya kazi vizuri, nami nikaisahau kabisa.

Wiki moja kabla ya mama kuja nilipandisha seva kwenda Ubuntu 22.04. Upandishaji ulikwenda salama. Mwisho mfumo ukauliza kama ufute vifurushi visivyohitajika tena na mtu yeyote, nikakubali. Miongoni mwa vilivyofutwa ni libx264-155, kwa kuwa toleo jipya lilikuja na libx264-163. Mfumo haukuwa na namna ya kujua kwamba ffmpeg yangu ya kienyeji bado inaitegemea ile ya 155, maana sikuwahi kuiandikisha popote. Na kwa kuwa Linux hutafuta programu kwanza kwenye /usr/local, kila nilipoandika ffmpeg ilikuwa inainuka ile yangu iliyovunjika, huku ya Ubuntu iliyo nzima ikikaa nyuma yake bila kuitwa.

Nilipoteza saa mbili kabla ya kuuliza swali lililo sahihi. Amri ya which -a ffmpeg inaonyesha programu zote zenye jina hilo kwa mpangilio wa kuitwa. Zilikuwa mbili. Nikaiondoa yangu, ya Ubuntu ikajibu mara moja.

Tangu siku hiyo nina daftari la karatasi juu ya rafu, kando ya seva. Kila ninachokisakinisha nje ya mfumo wa vifurushi nakiandika: tarehe, sababu, na kinategemea nini. Kabla ya kupandisha toleo nalifungua daftari kwanza. Na kabla ya kukubali kufuta chochote nasoma orodha yote, jina kwa jina, hata kama ni ndefu.

Namba hizo mwishoni mwa majina ya maktaba zina maana yake. Waandishi wa maktaba wakibadilisha namna programu nyingine zinavyoiita, hupandisha namba, ili ya zamani na mpya zisichanganywe. Libavcodec ya ffmpeg 4 ni 58, ya 5 ni 59, ya 6 ni 60, ya 7 ni 61. Ubuntu 22.04 imekaa kwenye ffmpeg 4.4, Ubuntu 24.04 kwenye 6.1, na Debian 12, mfumo mwingine wa Linux, kwenye 5.1. Mtu akikupa programu iliyojengwa kwa ajili ya 60 na seva yako ina 58, haitaamka, na jibu zuri huwa ni kutafuta iliyojengwa kwa ajili ya mfumo wako. Kuna vijana wanaotengeneza kiungo cha uongo ili 58 ijiite 60. Programu huamka kweli, kisha inaanguka katikati ya kazi, au vibaya zaidi, inaandika faili bovu bila kusema neno.

Nani hasa anakufungia kifurushi? Swali hili watu hawaliulizi, na historia ya ffmpeg inaonyesha uzito wake. Mradi ulianzishwa mwaka 2000 na Mfaransa Fabrice Bellard, aliyeandika kwa jina la bandia la Gérard Lantau. Ulikua mpaka ukawa ndani ya karibu kila kinachocheza video. VLC na Chrome zote zinaitegemea kazi hiyo. Mwaka 2011 waandishi wakagawanyika kwa ugomvi wa uongozi, na upande mmoja ukatoka na jina jipya, Libav. Waliokuwa wakifunga kifurushi kwa ajili ya Debian na Ubuntu walikuwa upande wa Libav. Kwa hiyo kwa miaka kadhaa mtu aliyesakinisha ffmpeg kwenye Ubuntu alipewa kazi ya Libav, pamoja na ujumbe kwamba programu hiyo imepitwa na wakati, atumie avconv ya Libav. Wengi waliamini kwamba ffmpeg imekufa. Haikuwa imekufa, ilikuwa inasonga mbele kwa kasi mahali pengine. Ubuntu iliirudisha kwenye toleo la 15.04 mwaka 2015, Debian nayo ikaamua hivyo mwaka huo huo, na Libav ikafifia. Katika miaka ile yote hakuna mtumiaji hata mmoja aliyechagua upande. Aliyemchagulia ni mfungaji wa kifurushi.

Kwa hiyo jua mfungaji wako. Kwenye Debian ffmpeg iko katika hifadhi kuu, na kikosi cha usalama huitolea marekebisho. Kwenye Ubuntu iko katika sehemu inayoitwa universe, inayotunzwa na jamii, na marekebisho mengi ya usalama ya sehemu hiyo huja kwa kujiandikisha Ubuntu Pro. Mtu binafsi anaruhusiwa mashine tano bila malipo, lakini lazima ajiandikishe. Nimekutana na seva inayosasishwa kila wiki kwa uaminifu, na ffmpeg yake haijaguswa tangu siku ya kwanza, kwa sababu mwenyewe hakujua kwamba mlango huo una ufunguo wake wa pembeni.

Mama alirudi kesho yake. Nilikuwa nimeshaigeuza video usiku, saa moja na robo kwa prosesa yangu ya uzee, huku nikiomba umeme usikatike. Kagera kwa miaka mingi imekuwa ikipata umeme kutoka Uganda, kwa njia inayotoka Masaka hadi Kyaka, na mvua za radi zikianza upande wa ziwa taa hupepesa. Ffmpeg ikikatwa katikati haiendelei ilipoishia, inaanza upya. Kwa video ndefu huwa naikata vipande vya dakika kumi kumi kwanza, nikivigeuza kimoja kimoja na kuviunga mwishoni. Betri ndogo ya akiba inanipa dakika za kumalizia kipande.

Niliongeza jambo moja dogo ambalo kwa mitandao yetu lina faida kubwa. Faili la MP4 lina orodha inayoeleza kila kipande kiko wapi, na kwa kawaida ffmpeg huiandika mwishoni, kazi ikishakwisha. Kifaa kinachopokea video kwa mtandao dhaifu huweza kusubiri faili zima lishuke kabla ya kuonyesha chochote, kwa kuwa orodha iko mkiani. Ukiiagiza kwa neno faststart, orodha inahamishiwa mbele na video inaanza kucheza papo hapo. Ni neno moja tu la kuongeza. Nimewaona watu wakilaumu mtandao mwaka mzima kwa kukosa neno hilo.

Nakala ya mama ilikuwa tayari. Akaishika simu kwa mikono miwili. Mzee akatokea, kanzu na koti, nyuma yake migomba inapepea, majani yake yakionekana moja moja. Mama hakusema kitu mpaka nasaha zikaisha. Kisha akairudisha mwanzo.

Habari ikaenea, na mafaili yakaanza kuja kutoka kila upande: Kashai, Hamugembe, mpaka Kemondo. Hapo nilianza kuogopa kitu ambacho nilikuwa nimekisoma lakini sikuwa nimekitilia maanani.

Ffmpeg hufungua mafaili ya watu usiowajua. Katika seva nzima hakuna programu nyingine inayofanya kazi ya hatari namna hiyo kila siku. Imeandikwa kwa lugha ya C, kwa ajili ya mbio, na lugha hiyo inamwachia mwandishi kuhakikisha mwenyewe kwamba haandiki nje ya nafasi aliyotengewa. Septemba 2023 liligunduliwa tundu la aina hiyo kwenye libvpx, katika usimbaji wa VP8, wakati tayari lilikuwa linatumiwa kushambulia watu. Maktaba hiyo iko ndani ya vivinjari na ndani ya seva kama yangu, na marekebisho yalibidi yapite kila mahali kwa siku chache.

Tundu lililonishtua zaidi ni la zamani kidogo. Mwanzoni mwa 2016 ilielezwa hadharani kwamba mtu angeweza kutengeneza faili linaloitwa video, ambalo ndani lina maandishi matupu: orodha ya kucheza inayoielekeza ffmpeg ikachukue vipande vyake mahali fulani. Mahali pengine ni kwenye diski ya seva yenyewe, pengine ni kwenye kompyuta ya mshambuliaji huko nje. Ffmpeg, kwa utii wake wote, ingesoma faili la siri la seva na kulipeleka nje kama sehemu ya anwani. Hakuna maktaba iliyovunjwa wala nafasi iliyozidi. Ilifanya kile ilichoagizwa na mtu ambaye hakupaswa kuiagiza. Marekebisho yakaweka orodha ya itifaki zinazoruhusiwa, na mtunzaji anaweza kuikaza zaidi.

Naikaza. Kazi ya kugeuza video inafanywa na mtumiaji wa mfumo asiye na mamlaka yoyote, asiyeweza kusoma saraka nyingine, asiye na mtandao kabisa, na mwenye kikomo cha kumbukumbu na cha muda. Faili linaingia chumba cha kwanza, linageuzwa chumba cha pili, linatoka chumba cha tatu, na chumba cha pili hakina mlango wa nje. Kabla ya yote ffprobe, ndugu yake ffmpeg, inaliangalia na kusema ni kikapu gani na ndani mna nini. Kisipokuwa miongoni mwa vile ninavyovitambua, kinabaki nje. Ilinichukua siku mbili kupanga, na natamani ningeifanya kazi hiyo kabla ya faili la kwanza la mgeni.

Hapo ndipo mvutano wa kazi hii ulipo. Usipoisasisha ffmpeg unaacha tundu wazi. Ukiisasisha ovyo unaweza kuamka asubuhi ya mazishi, familia inangoja picha, na maktaba haipo. Mimi nimefanya hivi: marekebisho ya usalama ndani ya toleo lile lile yanaingia yenyewe kila usiku, kwa kuwa hayabadilishi namba ya maktaba. Toleo jipya la mfumo nalipandisha mwenyewe, kwa mkono, siku isiyo na shughuli, baada ya kulijaribu kwenye kompyuta ndogo ya pembeni kwa video tano ninazozijua. Moja ya tano hizo ni ya 3GP kutoka simu ya zamani. Nyingine imetoka kwenye VCD ya harusi, MPEG-1, ya enzi za mabanda ya video. Kama ffmpeg mpya inazifungua zote tano na sauti inakwenda pamoja na midomo, naipandisha.

Hiyo ya VCD ndiyo inayonifanya niipende programu huria kwa moyo wote. Kampuni zilizotengeneza vicheza-VCD zimeshahama. Vifaa vimekufa. Lakini msimbo wa kufungua MPEG-1 bado umo ndani ya libavcodec, unasomeka, unajengeka kwenye mashine ya leo, na hakuna mtu mwenye mamlaka ya kuufungia kabatini. Hataza zinaweza kuibana kanuni kama H.264 kwa miaka, na ndiyo sababu Google, Mozilla, Netflix na wengine waliungana mwaka 2015 kutengeneza AV1, iliyotoka 2018, isiyodai ada. Simu za hapa bado nyingi haziiwezi, kwa hiyo siigawi.

"Na ile ya kwanza," mama aliniuliza siku alipokuja kunishukuru kwa mkungu wa ndizi, "ile nyeusi, umeitupa?"

Nilimwambia hapana, na sitaitupa. Kila unapogeuza video kwa kodeki ya aina hii unapoteza kitu, na nakala ya nakala hupoteza tena. Nikamsimulia habari ya jirani zetu wa Uganda. Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, alitengeneza filamu ya Who Killed Captain Alex mwaka 2010 kwa kompyuta aliyoiunga mwenyewe. Kompyuta ilikuwa haina nafasi. Ili atengeneze filamu iliyofuata ilimbidi aifute ya kwanza, na iliyobaki ni nakala iliyobanwa ya DVD. Dunia nzima leo inaiangalia filamu hiyo kwa ubora wa ile nakala, na hakuna kodeki itakayorudisha kilichofutwa.

Kwa hiyo faili la mjukuu, la H.265, liko kwenye diski ya pili kama lilivyokuja, pamoja na karatasi inayosema limetoka simu gani, lina kodeki gani, na niligeuza kwa toleo gani la ffmpeg na CRF ngapi. Kizazi kitakachokuwa na simu nzuri zaidi kitaligeuza upya kutoka hapo.

Mama alifikiri kidogo. Akauliza kama diski zote mbili ziko chumba kimoja.

Ziko chumba kimoja. Na tarehe 10 Septemba 2016 sote tulikuwa hapa tetemeko lilipopita na kuangusha nyumba, na majengo ya shule za Ihungo na Nyakato yakapasuka mpaka wanafunzi wakahamishwa. Sikuwa na la kumjibu.

"Mdogo wangu yuko Muleba," akasema. "Nyumba yake ya bati, haivuji."

Wiki iliyofuata nilinunua diski ya tatu. Nilinakili mafaili ya asili yote na kurasa za daftari, nikaweka na kifurushi cha ffmpeg pamoja na msimbo wake, ili atakayezikuta asihangaike kutafuta ufunguo. Mama aliifunga kwenye khanga mara tatu, akaiweka katikati ya kikapu, juu yake akapanga kahawa na senene wa kukaanga, akapanda gari la saa mbili asubuhi kwenda Muleba, kikapu amekipakata.